Mbwa Aliyetembea kwa Maringo

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakufanya kazi saluni ya mbwa.

Huku kwetu kibaya ndicho kinachojiuza. Kinachanwa juu juu, kinapuliziwa manukato, kinafungwa utepe kichwani, kinapigwa picha. Na nyinyi mnatuma mioyo.

Mnanijua. Mimi ndiye yule "mchinjaji" mliyemtukana kwenye laivu. Leo ni zamu yangu.

"Huyu hapa, wapenzi wangu. Mtazameni usoni."

Simu ilikuwa karibu kugusa pua yangu. Aliyeishika ni mteja wetu mkubwa. Ana mbwa mdogo mweupe anayeitwa Pamba, mwenye manyoya marefu ya kufagia sakafu. Basi mwenyewe anajiita Mama Pamba. Wafuasi wake wanajaza uwanja wa mpira na wengine wanabaki nje.

Mkono mmoja simu, mkono mwingine Pamba. Pamba aliyenyolewa mwili mzima, akabaki na kichwa, masikio na mkia. Alifanana na kuku aliyenyonyolewa na mtu aliyeitwa kabla hajamaliza. Sikatai.

"Asubuhi nilimleta mwanangu malaika, mchana nimeletewa panya nyumbani. Bosi, wewe ndiye uliyemtuma huyu amnyoe?"

Nikamgeukia Bosi, mwenye saluni, nikiwa nimetulia kabisa. Jibu nililijua.

Bosi akashusha pumzi kama mfiwa.

"Mama Pamba, mimi nilimwambia apunguze ncha tu. Hayo mengine kajiamulia."

...

Jamani.

Asubuhi ile ile, Bosi huyu huyu, akiwa amesimama pale pale kando ya beseni, aliniambia: "Leo Pamba mshughulikie wewe. Nyoa yote. Mwenye mbwa nitaongea naye mimi."

Nyoa. Yote.

Nami nikafurahi. Maana tangu niajiriwe, Pamba alikuwa haguswi. Kila Jumamosi Bosi alimbeba mwenyewe. "Huyu ni wangu," anasema, anaingia naye chumba cha nyuma, anafunga mlango. Mimi na diploma yangu ya afya ya wanyama tunaachiwa mbwa wanaouma.

"Omba msamaha," Bosi akaniambia. "Hapa hapa, watu wakiona. Au vua aproni uende."

Nilikuwa nimezunguka mji mzima na vyeti kwapani kabla ya kuipata meza ile. Bosi alilijua hilo. Ndiyo maana alikuwa anatabasamu.

"Nitasema," nikajibu. "Mama Pamba, elekeza simu mezani."

"Usinipangie."

"Basi endelea kuwaonyesha pua yangu. Ni nzuri."

Nikaufungua mfuko wa taka, nikatoa vazi la Pamba. Nasema vazi kwa sababu lilitoka kama vazi. Manyoya ya kawaida ukiyanyoa yanaanguka kama sufi. Haya yalitoka kipande kimoja, kama shati, na mikono yake. Nikalitandaza mezani.

Jeupe. Laini. Linanukia.

"Mnaona alichokata?" Mama Pamba akaiambia simu. "Mnaona uzuri wote huo?"

"Ligeuze."

"Silishiki mimi."

"Jana si ulikuwa unalibusu?"

Akaligeuza kwa kucha mbili. Akarudi nyuma hatua moja.

Upande wa ndani ulikuwa zulia. Gumu, la kijivu, limeshikana mpaka ukiligonga linalia. Lina unyevu. Lina harufu ya tambara la jikoni lililosahauliwa nyuma ya sinki.

"Hicho ndicho kilichokuwa kinagusa ngozi ya mwanao," nikasema. "Ngozi yenyewe ilikuwa imevutwa, imeingia ndani ya mafundo. Ningetumia mkasi ningemkata. Nimepitisha mashine chini yake pole pole. Kitana hakipiti hapo. Hata dua haipiti."

"Uongo. Mimi namchana kila siku."

"Hebu nionyeshe."

Akatoa brashi kwenye mkoba. Laini, mpini wa waridi, imenunuliwa ili ipigwe picha. Akampitishia Pamba kichwani, akamalizia mkiani, kama mtu anayefuta vumbi kwenye televisheni.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Hujaanza. Hapo umempapasa. Mbwa wa manyoya marefu unamfunua safu kwa safu mpaka uione ngozi, ndipo unapitisha kitana cha chuma kuanzia kwenye ngozi hadi nchani. Nyuma ya masikio, kwapani, chini ya ukosi, katikati ya mapaja... panaposuguana ndipo panapofunga. Fundo likiwa bado dogo unaliachanisha kwa vidole, unaanzia nchani. Wewe umekuwa unapaka rangi ukuta unaooza."

"Mimi nitajuaje kwapa la mbwa?"

Alisema hivyo. Mbele ya uwanja mzima.

"Basi usijiite mama."

Bosi akakohoa. "Inatosha, binti. Omba msamaha tufunge mjadala."

Mama Pamba akaona maji yamemfika shingoni, akashika jambo alilojua litawaliza watu.

"Na mwendo je?" Sauti ikaanza kutetemeka, ile ya kutetemeka kwa mazoezi. "Ule mwendo wa maringo mnaoupenda? Tangu aletwe nyumbani anatupatupa miguu kama mbuzi. Kamharibia mwanangu mwendo, wapenzi wangu."

Kwa ambaye hamjui Pamba: mwendo ule ndio uliompa umaarufu. Hatua fupi fupi, mabega yamebana, kama bibi harusi aliyeshonewa gauni dogo. Mliurudia rudia. Mliuwekea muziki.

"Mweke chini," nikasema.

"Ili iweje?"

"Atembee. Watu wako waone nilichoharibu."

Akamweka.

Pamba akajitikisa kuanzia shingo mpaka mkia. Akanyoosha mguu wa mbele... akaunyoosha kweli kweli, mpaka mwisho, akautazama kama vile ni wa kuazima. Kisha akakimbia. Akazunguka meza, akapita chini ya beseni, akapiga ndoo teke, akarudi, akarukia kiti cha wateja na kuketi pale akihema, ulimi nje.

Nikamnyanyua, nikainua mguu wake mbele ya simu. Kwapani ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka kama bega la mtu aliyebeba mzigo kwa kamba.

"Hayakuwa maringo," nikasema. "Manyoya ya kwapa yalikuwa yameshikana na ya kifua. Mbwa alifungwa pingu. Mlikuwa mnazipigia pingu makofi."

Mama Pamba akakaa. Simu akaishusha, ikabaki inatazama sakafu.

"Lakini mimi... kila Jumamosi nilikuwa namleta hapa," akasema, na safari hii sauti haikuwa ya mazoezi. "Bosi. Kila Jumamosi uliniambia umemchana."

"Nilikuwa namwosha vizuri sana," Bosi akasema.

"Kabla ya kumchana, au baada?" nikauliza.

Bosi akaanza kukunja taulo.

"Fundo likilowa kabla halijafunguliwa, linakaza likikauka," nikaendelea. "Ukilipulizia hewa ya moto ndiyo kabisa. Kwa hiyo kila Jumamosi ulikuwa unakaza pingu, unachana kichwa na mkia, unafunga utepe, unafungua mlango."

"Wewe mtoto, unajua kumchana huyo ni kazi ya nusu siku?" Bosi akafoka. "Tena analia. Nani ana muda huo? Na nilipoona ameanza kuchechemea nilikaa kimya? Si nilikwambia unyoe yote?"

...

Akajiziba mdomo.

Simu ilikuwa inaonyesha vigae vya sakafu. Lakini masikio yake yalikuwa wazi, na uwanja mzima ulikuwa bado umekaa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini niliajiriwa. Bosi alijua siku ya kunyoa itafika, na siku hiyo alihitaji mkono wa kushika mashine usiokuwa wake. Diploma yangu hakuwahi kuisoma. Alichohitaji ni mtu wa kutukanwa.

Nikavua aproni mwenyewe. Nikaikunja, nikaiweka juu ya lile zulia.

"Unakwenda wapi?" Bosi akauliza.

"Kutafuta mtu anayejua kwamba kitana kinatangulia maji."

Sasa hivi nakwenda nyumba kwa nyumba na begi langu. Pamba anaifahamu hodi yangu, anakuja mlangoni mbio. Manyoya yanaota upya, mafupi, na kuna mfanyakazi wa ndani niliyemfundisha kuyafunua mpaka kwenye ngozi, maana mama mwenyewe bado anaogopa makwapa.

Kwa nini nayaandika haya leo? Kwa sababu jana nilipata jumbe mbili.

Bosi anasema wateja wamemkimbia, niandike kwamba "hatukuelewana", niombe radhi, meza yangu ipo.

Mama Pamba anasema lile neno "usijiite mama" limemwondolea wafuasi. Niombe radhi kwa maneno mazuri, atayabandika kwenye ukurasa wake na mioyo pembeni.

Na nyinyi mlioniita mchinjaji... wengi mmefuta maoni yenu kimya kimya, kama paka aliyefukia kinyesi. Bora hata paka, hamrushii mtu kwanza.

Mnataka funzo? Kabla hamjasifu manyoya ya mbwa wenu, zamisheni vidole kwapani mpaka mguse ngozi. Vikikwama, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, najua mtasema ni aina ya mbwa, ni hewa, ni shampuu. Ni nyinyi. Juu juu ndiyo desturi yenu, kwa mbwa na kwa watu.

Bosi, meza kaa nayo.

Mama Pamba, neno nililolisema nalirudia: asiyejua kwapa la mwanawe si mama.

Msamaha siombi. Kwa yeyote kati yenu. Siombi.