Picha Nane za Meza Moja

Nilikuwa napiga pasi sare za shule, mkono mmoja unanyunyiza maji na mwingine unasukuma pasi, fundi cherehani wa nyumba ya pili alipochungulia dirishani na kusema Mzee Siki ananiita. Si mume wangu. Mimi. Niende peke yangu, kabla jua halijazama, na nibebe ile kamera ya kukunja.

"Tena amesema usimwambie mumeo," akaongeza, akicheka kwa pua. "Haya mambo yameanza lini, jirani?"

Nikamjibu yalianza wiki ile gauni alilonishonea lilipofumuka kwapani. Akacheka sana. Kabla hajaondoka akaniomba siku moja tuipeleke kamera hiyo kwake, imuoneshe yeye na wanawe mezani kama inavyotuonesha sisi. Nikasema tutaona.

Mume wangu ni fundi redio, na hela yake ya kujiburudisha yote huishia kwenye kamera. Wengine hunywa, kwa hiyo sikuwahi kumsema. Alitengeneza rafu kwenye ukumbi mdogo, zikakaa kamera arobaini na moja, za zamani za filamu na mpya za kidijitali, na kila Jumapili alizifuta kwa pamba mpaka kwenye kona za vioo. Watoto walikuwa na mchezo wao. Mmoja anafumba macho, mwingine anabofya kamera, na aliyefumba macho anataja ni ipi kwa mlio wake. Kitinda mimba wangu, wa miaka saba, alikuwa hakosei.

Kila kamera ikiingia nyumbani ilitambulishwa kwa meza. Ndiyo ilikuwa desturi yetu. Saa ya chakula cha jioni mume wangu anauliza, "Tumetimia?" Kitinda mimba anahesabu vichwa. Halafu mimi nasimama na kupiga picha. Mume wangu jioni mikono humtetemeka kwa kuchoka na kazi ya kuunga nyaya. Mkono wangu hautetemeki. Alipenda kusema hivyo mbele ya wageni: mkono wa mke wangu hautetemeki.

Ile ya kukunja ilikuwa ya arobaini na mbili. Aliiokota Jumamosi moja kwenye soko la vitu vilivyotumika. Mfuko wake wa mbele, ule unaokunjuka na kioo, ulikuwa wa ngozi nyeusi, na kwa nyuma ilikuwa na kidirisha chekundu cha kusomea namba ya picha. Filamu yake ilibeba picha nane tu. Aliipenda mpaka akaamua filamu nzima iwe ya meza, picha moja kila jioni. Nami nikapiga, jioni nane mfululizo. Kila nilipomaliza alinipa na ile mpya ya kidijitali nirudie, alinganishe.

Kwenye ile mpya hatukuona kitu cha ajabu.

Mzee Siki ndiye pekee mjini aliyekuwa bado anasafisha filamu, na mume wangu alikuwa amempelekea ile ya meza. Tulimwita hivyo kwa sababu dawa zake zilimfanya anuke siki, hata akipita upande wa pili wa barabara ungejua. Nilimwachia mama mkwe jiko, nikaweka kamera kwenye kapu, nikaenda.

Alifunga mlango wa studio nyuma yangu, akaichungulia kamera kapuni kama anayehakikisha ni ile ile. Hakuniuliza habari za nyumbani. Alikuwa amepanga picha nane kwenye meza, moja baada ya nyingine, bado zina unyevu.

"Anza na hii," akasema.

Ilikuwa meza yetu. Mume wangu. Kijana wangu mkubwa, wa kidato cha pili, mdomo umejaa. Kitinda mimba, na pembeni yake bibi yake, mama mkwe wangu, akiisukumia nyama yake kwenye sahani ya mtoto. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya kila siku. Alisema meno yamechoka. Meno yake yalikuwa mazima.

Nyuma yao, mlangoni, alisimama mwanamke ametupa mgongo. Kitambaa kichwani, gauni la nyumbani. Nilidhani ni mimi.

Halafu nikakumbuka kamera ilishikwa na nani.

Picha ya pili, alikuwa ndani ya mlango. Ya tatu, karibu na kabati. Alikuwa anakuja kinyumenyume, kama mtu anayerudi nyuma akiogopa kitu kilicho mbele yake. Ya tano, ya sita... Ya saba, alikuwa ameanza kugeuka.

Ya nane nilitaka nisiione.

Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha kitinda mimba. Ameinama. Uso wake ulikuwa sikioni mwa mtoto, kama anayemnong'oneza. Na mkono wake, vidole virefu mno, ulikuwa umetua juu ya bega la kushoto la mwanangu.

"Amelalamika bega?" Mzee Siki akaniuliza.

Asubuhi ile mtoto alikataa kuvaa begi upande wa kushoto. Alisema bega lina baridi. Nikamwambia aache uvivu.

Nikauliza huyo mwanamke ni nani. Akasema hajui, na baba yake naye hakujua. Baba yake ndiye aliyekuwa na kamera hii, na studio hii. Mkono ule ulipoonekana mara ya kwanza ulikuwa juu ya bega la Mzee Siki mwenyewe, alipokuwa na miaka sita. Mama yake alilia siku nzima. Jioni baba yake akachukua wembe na penseli, kama alivyokuwa akiondoa makovu ya wateja. Pale wembe unapokwaruza filamu, picha hutoka nyeusi. Pale penseli inapopita, hutoka nyeupe. Unaweza kumfuta mtu kidole. Unaweza kumhamishia mwingine.

"Huwezi kuufuta tu?" nikauliza.

"Baba alijaribu. Asubuhi ulikuwa umerudi palepale, na vidole vimezama ndani ya shati langu. Lazima utue kwa mtu." Akashusha sauti. "Mama alimchagua dada."

Nikauliza kama dada yake alikufa.

"Hakufa. Jioni ile alikula na sisi. Na kesho yake. Kiti chake hakikubaki wazi hata siku moja, mama. Ila aliyekuwa anakula hakuwa dada."

Alinieleza mengine akiwa anakausha mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu. Mama yao alimpakulia yule mtu kwa miaka kumi na tisa. Hakuthubutu kumnyima. Alipokufa mama, yule mtu alinyanyuka mezani, akatoka, akaanza kusimama mlangoni kwa Mzee Siki. Kila jioni. Anasubiri aoneshwe meza nyingine.

Hapo nikamuuliza jingine. Kamera ya baba yake ilifikaje soko la vitu vilivyotumika?

Akaupangusa wembe kwa kitambaa, akaurudisha mezani.

"Najua mumeo hupita pale kila Jumamosi," akasema. "Nimezeeka. Nilitaka kula peke yangu."

Wembe ulikuwa juu ya meza, karibu na mkono wangu. Niliutazama. Nadhani na yeye aliniona nikiutazama, lakini hakusogea. Halafu nikajiuliza, nikimuumiza huyu, nani mwingine mjini anajua kuutumia kwenye filamu? Nikaiacha mikono yangu juu ya kapu.

"Niweke mimi," nikamwambia.

"Wewe humo."

Nikazipitia picha zote nane. Kweli sikuwemo. Miaka kumi na sita ya ndoa, kamera arobaini na mbili, na sikuwahi kuonekana kwenye meza hata moja. Mkono wangu hautetemeki.

"Jua linazama," Mzee Siki akasema. "Mtoto akikaa mezani leo na mkono uko pale, basi. Nani?"

Nilichagua kama ninavyochagua sokoni, kwa haraka na bila kuonesha uso. Mume wangu, mikono yake ndiyo inayotulisha. Kijana wangu sikumtazama hata mara mbili. Nikabaki na mama mkwe. Ndiye aliyenilea nilipojifungua, mara zote mbili. Kitinda mimba alipozaliwa hajatimia miezi, mama huyu alimfunga kifuani kwake wiki tano, usiku na mchana, mpaka ngozi ikamtoka vipele. Alikuwa na miaka sabini na mbili. Kifua kilikuwa kinamsumbua. Na alikuwa amekaa pale pale, kiti cha pembeni.

"Ni shibiri moja tu kuusogeza," Mzee Siki akasema, kama aliyesoma mawazo yangu.

Nikaweka kidole juu yake.

"Bibi yao."

Akawasha taa ya chini ya kioo, akalaza filamu, akainama.

Krr... krr... krr...

Ni sauti ndogo. Kama panya ndani ya kabati la nguo. Nilisimama mpaka ikaisha, kwa sababu sikutaka baadaye nijidanganye kwamba sikuwepo. Aliponionesha, mkono ulikuwa juu ya bega la mama mkwe, umetulia, kama uliokuwa pale siku zote. Yeye kwenye picha alikuwa bado anasukuma nyama.

Nikataka kumwachia kamera, akakataa. Akairudisha kwenye kapu langu, akaifunika na kitambaa changu.

"Kaa nayo," akanong'ona. "Siku utakapochoka, utajua pa kuipeleka."

Nilirudi kwa miguu, taa za mtaani zikianza kuwaka. Kapu lilikuwa zito kuliko nilivyoondoka nalo. Nyumbani kwa fundi cherehani walikuwa wanaandaa meza. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisimama kidogo, nikasikiliza sahani zikiwekwa, moja moja. Sita.

Nikaendelea kutembea.

Mlangoni kwangu palinuka siki. Nikajiambia ni mikono yangu. Nikaenda kuinawa kwa sabuni ya kufulia mara mbili. Kitinda mimba akaja mbio kunionesha daftari lake la hesabu, begi likining'inia bega la kushoto. Nikatia mkono ndani ya ukosi wa gauni lake. Bega lilikuwa la moto, lenye jasho la mtoto aliyekuwa akicheza. Akaniambia namtekenya.

Sikumbuki kama nimewahi kufurahi hivyo. Nasema kweli.

Mama mkwe alikuwa ameshamaliza kupika. Alikuwa amekaa mezani, kitini kwake, mikono mapajani. Kwa kawaida angenipokea kapu. Angeuliza nilikokwenda, angelalamika chumvi imekwisha. Nilimsalimia, "Shikamoo, Mama." Hakuitika. Mume wangu akanikonyeza, maana yake leo amenuna, mwache.

Nikapakua wali na mchuzi wa nyama. Yeye nikamwekea vipande vitatu, vinono, nikijua kwa nini navichagua. Kitinda mimba akasogeza sahani yake karibu na ya bibi yake, kama kila siku, akasubiri.

Mama mkwe akachukua kipande cha kwanza, akala. Akala cha pili. Alitafuna polepole, akiangalia mbele. Mtoto alikuwa bado ameshika kijiko juu.

"Bibi?"

Akala cha tatu.

"Leo meno yamepona," mume wangu akatania. Kijana wangu akacheka. Mimi niliinama kumwongezea mama mkwe mchuzi, na shingo yake ikawa karibu na pua yangu. Siki. Akanigeukia, uso ule ule, makunyanzi yale yale, alama ya moto ile ile kidevuni aliyoipata kwa kunichemshia maji. Akaniambia kwa sauti ya chini, sauti yake kabisa:

"Mkono wako hautetemeki."

Halafu akakisogeza kiti chake. Kidogo tu. Upande wa mtoto.

Mume wangu hakusikia. Alikuwa ananawa, na kwa mazoea akauliza, "Tumetimia?"

Kitinda mimba akaanza kutuhesabu kwa kijiko. Baba, mmoja. Kaka, wawili. Mama, watatu. Akajigusa kifuani. "Wanne."

"Na bibi yako?" baba yake akauliza, akicheka.

Mtoto akatazama sahani yake. Sahani yake aliirudisha taratibu mpaka ukingoni mwa meza, mbali na ile nyingine.

"Hesabu wewe, mama yao," mume wangu akaniambia. "Huyu leo amechoka."

Nikahesabu. Niliweka macho juu ya kila mmoja kama inavyotakiwa, na pale nilipotaka kupitiliza sikupitiliza.

"Watano," nikasema. "Wote tupo."

Yule aliyekaa kitini kwa bibi akaninyooshea sahani yake, tupu, aongezewe nyama.

Nikampakulia.