Filta ya Bei Poa

Jua lilikuwa limeshazama Hamdiya alipoingizwa chumbani kwa bibi harusi, kule Pangani, kamera shingoni. Mwanamume haruhusiwi mle, ndiyo maana kazi ya picha alipewa yeye. Bi Semeni, somo aliyemfunda bibi harusi, akafunga mlango kwa nje, akaondoka na ufunguo.

"Hatufungui mpaka bwana aje. Mkitaka gongeni, mumtie wazimu!"

Ndiyo mila yao. Wa ndani hugonga na kupiga kelele, wa nje hujibu kwa vigelegele.

Chumba kilinukia udi. Azza, bibi harusi, alikaa kitandani chini ya taa.

Hamdiya akapiga picha moja. Akaitazama. Akasonya.

Nyuma ya bega la Azza palikuwa na weupe... kama uso.

"Filta hii ya ovyo!"

Kioo kile cha kukinga lenzi na chumvi ya bahari alikinunua asubuhi kwa Godlisten, Tanga mjini. Godlisten hakumficha: filta rahisi, ikielekea taa, huzaa vivuli vyeupe pichani. Hamdiya akamjibu yeye hanunui jina. Sasa akajaribu kuifungua. Imeng'ang'ania.

"Kuna nini, da Hamdiya?"

"Kivuli cha taa. Kimekukalia begani."

Azza akabana pumzi. "Kulia au kushoto?"

"Kulia."

"Basi ndiye," akanong'ona. "Alinioa kabla ya huyu wa leo. Usimpige tena. Anapenda kutazamwa."

"Majini ya nini, mtoto we! Kioo kibovu hiki, nitakuonyesha."

Akapiga. Akahamia dirishani, akapiga. Kivuli cha taa huhama ukihama.

Hiki hakikuhama.

Umeme ukakatika.

Harufu ya udi ikapotea. Ikaja ya karafuu maiti. Hamdiya, kwa hasira kuliko akili, akapiga tena gizani, bila mwanga wowote. Taa hakuna, kivuli kitoke wapi?

Picha ilikuwa nyeusi tupu. Isipokuwa uso. Na haukuwa tena begani kwa Azza. Ulikuwa umeijaza picha nzima.

Akaurukia mlango. "Fungueni! Wallahi sichezi!"

Vigelegele.

"Fungueni, nakufa!"

"Haya, mpiga picha naye kanogewa!" Bi Semeni alicheka huko nje. "Gonga, mwanangu, gonga!"

Kitu cha baridi kikampumulia shingoni...

Mlango ulipofunguliwa, bwana harusi akaingia na taa na nderemo. Azza akainuka mwepesi, anatabasamu. Alipompita Hamdiya akamshika mkono.

"Nisamehe, da Hamdiya. Nilikwambia usimpige."

Kesho yake asubuhi Hamdiya akaibwaga kamera mezani kwa Godlisten. "Filta yako haifai hata bure. Itoe!"

Godlisten akaizungusha kwa kitambaa. Wapi. "Tatizo taa tu, dada. Simama hapo mlangoni uone. Hapa sijawasha hata moja."

Akampiga picha. Akaitazama, akaitazama. Tabasamu likamfutika.

"Kulia au kushoto?" Hamdiya aliuliza.

Godlisten aliilaza kamera taratibu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani.

"Dada," alinong'ona, "mwambie atoke mlangoni. Nataka kupita."