Mama Analala na Mito Mingapi?

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Chiriku alitandika vitanda viwili vya chumba cha nyuma. Alikung'uta shuka, akaipigapiga mito, akaipanga kichwani pa vitanda. Mito haikuwa adimu nyumbani kwao. Mama yake alikuwa fundi wa kushona makochi na mito yake, na chumba cha mbele, kilichotazama barabara, kilijaa sponji, vitambaa, nyuzi na makopo ya vifungo. Watu walileta makochi yaliyobonyea na kuchanika, Mama akayafumua, akayajaza sponji na kuyavika kitambaa kipya.

Jina la Chiriku hakupewa na wazazi. Walimpa majirani, kwa sababu mtoto huyo alikuwa haishiwi maneno. Ukimwuliza mtu mwingine swali, Chiriku ndiye aliyekujibu. Ukimwuliza yeye mwenyewe, alikujibu mara mbili.

Mwaka uliotangulia, Mama alikutwa na saratani ya titi. Dawa za mwanzo zilimtapisha na kumpukutisha nywele zote. Ni aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa: Chiriku alimwomba Mama asitie mguu shuleni bila kujifunga kilemba. Baadaye kipande cha uvimbe kilipimwa maabara, na daktari akasema saratani ya Mama ni ya aina inayoweza kutibiwa kwa dawa ya kingamwili. Ilikuwa inaingizwa mwilini kwa dripu, kila baada ya wiki chache. Siku ya kwanza Mama alitetemeka kwa baridi na homa ikampanda, lakini wauguzi walisimamisha dripu, wakampa dawa ya homa, na hali ikatulia. Kuanzia hapo mambo yalinyooka. Uvimbe ukanywea, nywele zikaota, na cherehani ikaanza kulia tena chumba cha mbele.

Chiriku hakuweza kukaa na habari tamu kiasi hicho. Shuleni alimtangazia kila mwenye masikio. Aliyemsikiliza kuliko wote alikuwa Mrefu, mwanafunzi mwenzake, ambaye baba yake alikuwa seremala na alikuwa anaumwa saratani ya utumbo.

"Baba akitoka hospitali hali chochote siku nzima," Mrefu alisema. "Anatapika mpaka machozi yanamtoka."

"Basi anapewa zile dawa za kizamani," Chiriku akajibu, kama vile yeye ndiye daktari. "Mama yangu anapewa ya kisasa. Haina ubaya wowote. Inaua saratani, mtu mwenyewe haguswi hata kidogo."

"Hata kidogo?"

"Hata chembe!"

Mrefu aliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani.

Haukupita muda mrefu, Chiriku akakuta jambo asubuhi alipokuwa anatandika. Kitanda cha Mama kilikuwa na mito miwili. Siku zilizofuata akakuta mitatu, imepangwa kama ngazi, na mmoja ulikuwa wa kwake. Akaona pia kwamba ndara za Mama zilikuwa zinamwachia alama nyekundu miguuni, na kwamba Mama akibeba robota la sponji kutoka mlangoni mpaka kwenye cherehani, alikuwa anakaa chini kwanza na kuhema kabla ya kuanza kazi.

"Mama, unaumwa?"

"Ni kazi tu, mwanangu. Mgongo unataka kuinuliwa."

Chiriku alitaka sana kuamini kwamba ni mgongo. Basi akaamini.

Siku ya dripu ilipofika, shule ilikuwa imefungwa, akamsindikiza Mama hospitali. Walikaa kwenye benchi refu nje ya chumba cha dripu. Mlango ulikuwa wazi, na walimsikia muuguzi akimwambia mama mmoja mzee kwa upole, "Leo hatutakupa dawa, bibi. Moyo wako umechoka. Tutausubiri kwanza." Bibi yule akatoka akifuta macho kwa ncha ya kanga yake. Chiriku alimtazama Mama, na Mama alikuwa anamtazama yule bibi.

Zamu yao ikafika. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya utani, na aliwajua wote wawili.

"Kipimo cha moyo bado zamu yake haijafika," alisema, "kwa hiyo leo nitakuuliza maswali tu. Unapata pumzi vizuri?"

"Ah, nashukuru," Mama alijibu. Hilo halikuwa jibu, lakini lilipita.

"Na usiku unalala na mito mingapi?"

Mama alifungua kinywa. Akakifunga. Akilini Chiriku aliiona ile mito mitatu, akamwona yule bibi akifuta macho, na ulimi wake ukatangulia kama kawaida yake.

"Mmoja! Mmoja tu, Sista. Na anaamka kabla yangu."

"Nimemwuliza mama yako, Chiriku, sikukuuliza wewe." Muuguzi akamgeukia Mama. "Ni hivyo?"

Mama aliangalia sakafu. "Ni kama alivyosema mtoto," akajibu.

Dripu ikawekwa. Njiani kurudi nyumbani, Mama alisimama mbele ya karibu kila duka, akajifanya anatazama vitu. Chiriku alijua kwamba hatazami kitu, ila anatafuta pumzi. Kwa mara ya kwanza Chiriku aliona aibu kwa maneno yake mwenyewe.

Siku zilizofuata alijaribu kuilipa aibu hiyo kwa kazi. Alibeba sponji, alifagia, alichota maji kabla hajaambiwa. Lakini kila asubuhi alipotandika, mito mitatu ilikuwa palepale inamngoja. Aliitawanya haraka ili macho yasiione.

Jioni moja seremala, baba yake Mrefu, alipita kwa Mama, kwenye duka lake la chumba cha mbele, Mrefu akiwa nyuma yake. Mara nyingi alikuwa analeta fremu za viti ili Mama azivike. Siku hiyo mikono ilikuwa mitupu, na shati lilimpwaya mabegani.

"Shikamoo, baba," Chiriku akaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mama Chiriku, leo sikuja na kazi. Nimekuja na maneno."

"Karibu, baba Mrefu. Kaa."

Mama aliinuka amvutie stuli. Zilikuwa hatua chache tu, lakini alipofika alishika ukuta, na salamu aliyotaka kuiendeleza ikakatika katikati. Seremala hakuona, alikuwa anajikalisha taratibu kwenye robota la sponji.

"Mwanangu huyu ameniambia dawa yako haina ubaya wowote," alisema. "Mimi hizi zangu zimenichosha, dada yangu. Kesho ni siku yangu ya dripu, na nimekata shauri siendi. Nitakaa nyumbani mpaka wanipe kama yako. Nimekuja nikuone kwa macho yangu, nipate moyo."

Mrefu alimtazama Chiriku kwa furaha, kama mtu anayemshukuru mwenzake. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama alikuwa bado ameshika ukuta, anahema, anatabasamu kwa shida. Kama yeye angenyamaza, seremala angeacha dawa yake. Kama yeye angenyamaza, Mama angerudi kuwekewa dripu nyingine, na huyu hapa tayari hawezi kuvuta stuli.

"Usiache dawa, baba Mrefu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata yeye hakuitambua. "Nilisema uongo. Mama hawezi kulala chali. Analala na mito mitatu, karibu ameketi. Sista alipouliza nikasema mmoja. Miguu yake inavimba. Nilisema uongo shuleni na nikasema uongo hospitali."

Uso wa Mrefu ulibadilika, na Chiriku hakuweza kuutazama. Aliangalia vifungo vilivyomwagika chini ya cherehani, machozi yakamdondoka juu yavyo. Mama akakaa kwenye kochi la mteja.

"Ni kweli," akasema. "Mtoto amesema kweli, na mimi nilikubali uongo wake."

Seremala akainuka. Mtu aliyekuja kutafuta moyo ndiye aliyegeuka kuwa na moyo kuliko wote. "Basi twende hospitali sasa hivi," alisema. "Mrefu, kaa hapa uangalie duka. Chiriku, mshike mama yako mkono ule."

Hospitali walimpima Mama moyo kwa mashine yenye kioo, na daktari akaonyesha jinsi ulivyokuwa unasukuma damu kivivu. Alilazwa siku chache, akapewa vidonge vya kupunguza maji mwilini na vya kuupa moyo nguvu. Dawa ya kingamwili ilisimamishwa.

Yule muuguzi alimkuta Chiriku amejikunyata kwenye benchi, akakaa karibu naye. Hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza.

"Wewe ni mtoto wa fundi, utanielewa," alisema. "Seli za saratani ya mama yako zina vifungo vingi vya aina moja kwa nje, na kupitia vifungo hivyo zinapata amri ya kukua haraka. Dawa yetu ni kingamwili iliyotengenezwa maabara. Inakitafuta kifungo kilekile, inakishika, amri haipiti. Tena inawaita askari wa mwili waje waishambulie seli hiyo. Ndiyo maana haikumpukutisha mama yako nywele kama zile za kwanza. Lakini moyo nao una vifungo hivyo, vichache, na unavihitaji."

"Sasa kwa nini mnampa dawa inayoumiza moyo?"

"Kwa sababu saratani isipozuiwa inaua. Wengi wanaopata dawa hii moyo wao hausumbuki. Wachache unachoka, na tukijua mapema, mara nyingi unapata nafuu. Moyo ukichoka, maji yanaanza kujaa mapafuni, mtu akilala chali anakosa pumzi. Anajiinua kwa mito. Ulidhani nauliza mito kwa kuwa mama yako anaishona?"

Chiriku akatikisa kichwa. Kweli alidhani hivyo, kidogo.

"Na kama angewekewa dripu nyingine?"

"Tushukuru hatujui," muuguzi akasema.

Seremala naye alikwenda kwenye dripu yake siku ya pili, na akamwuliza daktari wake. Akaambiwa uvimbe wake ulikwishapimwa, hauna vifungo vile, kwa hiyo dawa ya Mama isingemsaidia kitu. Dawa yake ilikuwa inampunguzia uvimbe, pamoja na kero zake zote, na daktari akambadilishia vidonge vya kuzuia kutapika. Afadhali hakuiacha!

Mama aliporudi nyumbani, Chiriku alikuwa amegeuka bubu. Alijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Shuleni alisimama mbele ya darasa na kusema kwamba aliyoyasema kuhusu dawa hayakuwa kweli. Wengine walimcheka. Mrefu hakucheka, ila siku kadhaa zilipita kabla hajamsogezea tena nafasi kwenye dawati.

Jioni ya kuamkia siku ya kwenda kupimwa moyo tena, Mama alimwita pale cherehani.

"Kaa hapa, unipe vifungo kimoja kimoja," alisema. "Mwanangu, aibu uliyobeba, nusu yake ni yangu. Sista aliniuliza mimi. Kinywa kilikuwa changu na mito ilikuwa yangu. Niliogopa kunyang'anywa dawa, nikajificha nyuma ya mtoto. Methali tunaziimba kila siku, mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi mtu mzima nikaficha."

"Mimi nilikudanganyia, Mama."

"Ndiyo, ulidanganya, na sitakwambia hukudanganya. Lakini sikiliza. Dawa nzuri haifanyi kazi peke yake. Daktari haoni chumba chetu cha nyuma, anaona tunachomwambia. Tukimpa uongo, atatutibu uongo, na ugonjwa utabaki palepale. Wala sitaki uwe bubu. Ulimi wako ndio uliotuponza, na ndio uliotuokoa. Ninachotaka ni ukweli utangulie, ulimi ufuate."

Chiriku akampa kifungo. Mama akakishona.

Kesho yake kipimo kilionyesha moyo umepata nguvu. Daktari akasema dawa inaweza kuanza tena, na kwamba wataupima moyo mara kwa mara. Kwenye chumba cha dripu, muuguzi aliweka mikono kiunoni.

"Mama Chiriku, unalala na mito mingapi?"

Chiriku akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mmoja," Mama akajibu.

Muuguzi hakuandika. Alimgeukia Chiriku. "Na leo nakuuliza na wewe. Mingapi?"

Chiriku akaondoa mikono, akafikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo majirani wasingeliamini.

"Mmoja, Sista. Ila juzi ilikuwa miwili. Wa pili ulikuwa wa mteja, Mama alisinzia akiushona."

Muuguzi akacheka mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Kisha akaandika, akaenda kuileta dawa.