Pampu ya Tatu ya Bwana Obaid

Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, Bwana Obaid aliteka maji kwenye falaji, mfereji unaopita nyuma ya nyumba yake mjini Ibra. Kopo la kwanza alimwagia mtende. Kopo la pili alilitia katika rejeta ya gari yake.

"Kunywa, mama, kunywa," aliiambia gari. "Maji haya yametulea sote."

Gari yenyewe ilikuwa Landkruza pikapu ya mwaka 1979, ya kijani, isiyo na kiyoyozi. Mkewe, Bi Saliha, aliiita Somo, kama mtu anavyomwita shoga yake mpenzi. Na alikuwa na haki! Gari mpya za madirisha ya kufunga zilimtapisha. Alipanda gari ya mwanawe Badar mara tatu, na mara zote tatu Badar aliishia kuosha viti. Lakini ndani ya Somo, upepo ukimpiga usoni, Bi Saliha alifika popote. Jumatano alikwenda soko la wanawake. Na kila mwezi alikwenda Jalan Bani Bu Hassan kumtazama dada yake, Mahbouba, asiyeweza tena kuinuka kitandani.

Sasa Somo alikuwa anaumwa. Katika mwaka mmoja, pampu yake ya maji ilikufa mara mbili. Pampu ndiyo inayosukuma maji yazunguke ndani ya injini, isipate moto kupita kiasi. Ikifa, injini huchemka. Mara ya mwisho walikwama katikati ya njia ya Jalan, saa saba mchana, jua kali, mvuke unafoka. Badar alikuja kuwavuta kwa kamba. Alifika amenuna.

"Baba, khalas, basi!" alisema. "Mama angekufa kwa jua hapa. Ikichemka tena, mimi nauza. Kuna mtu mjini Sinaw anaitaka."

"Na mimi kwa dada yangu nitakwenda na nini?" aliuliza Bi Saliha.

Badar aliendelea kufunga kamba. Si mtoto mbaya, jamani, alikuwa na khofu tu. Lakini neno lake alilishika.

Kesho yake Bwana Obaid aliifungua pampu iliyokufa. Kisha alikwenda sanaiya, mtaa wa magereji, akarudi na mpya. Boksi lake linang'aa! Aliliweka juu ya meza ya jikoni.

Jikoni alikuwamo Mosi, msaidizi wa nyumbani kutoka Morogoro. Aliiona pampu. Akaitoa, akaizungusha kwa kidole.

"Baba, samahani," alisema. "Hii irudishe."

"Ala! Kwa nini?"

"Zungusha mwenyewe. Unasikia nini?"

Bwana Obaid aliizungusha. "Kama mna mchanga ndani."

"Hiyo ni beringi mbovu. Beringi nzuri inazunguka laini, kimya, na ukiitikisa haichezi. Sasa tazama mapanga haya yanayosukuma maji. Ni bati jembamba limekunjwa tu. Na boksi lina maandishi kila upande, lakini kwenye chuma chenyewe hamna jina wala namba. Aliyeitengeneza kaona haya kutia jina lake."

"Nani kakufunza mambo haya, mwanangu?"

"Niliuza spea miaka sita, Baba. Dukani kwa mjomba wangu."

"Miaka miwili umo humu ndani, mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza. Mlinileta kupika."

Bi Saliha alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alisema. "Bwana weye, mpeleke Mosi dukani. Na leo mzee unyamaze, aseme yeye."

Badar aliwapeleka. Mosi alikwenda na pampu kuukuu, kaifunga kwenye gazeti. Muuzaji, Khalaf, aliipokea ile ya boksi linalong'aa bila ubishi, akaleta nyingine. Hii boksi lake lilikuwa la kawaida tu. Mosi aliziweka pampu mbili pamoja, kuukuu na mpya.

"Matundu ya bolti yalingane," alisema. "Na urefu ulingane, maana feni inakaa hapa mbele. Pampu ikiwa ndefu, feni itakula rejeta."

Vyote vililingana. Mapanga yalikuwa ya chuma kizito, na jina na namba zimetiwa kwenye chuma chenyewe. Gasketi yake, ya kuzuia maji yasivuje, ilikuwamo ndani ya boksi. Bwana Obaid aliizungusha, akasikiliza. Kimya.

"Ina dhamana?" aliuliza Mosi.

"Mwaka mmoja," alijibu Khalaf. "Risiti msiipoteze."

Bei ilimfanya Bwana Obaid akohoe. Lakini alilipa.

Waliporudi nyumbani, Mosi hakuifungua pampu mpya. Alikwenda jikoni akarudi na birika la chai, tupu.

"Baba, tazama ndani."

Ndani ya birika mlikuwa na ganda jeupe, gumu.

"Hiyo chokaa," alisema Bwana Obaid. "Ya maji yetu. Unaikwangua kila wiki, nakuona."

"Naam. Sasa tazama ndani ya pampu iliyokufa."

Alitazama. Ganda jeupe lilelile, kwenye mapanga na pembeni pote. Bwana Obaid alilikwangua kwa ukucha. Kila asubuhi, kopo moja. Miaka mingapi?

"Basi nimeiua mimi mwenyewe," alisema. "Kwa mkono wangu."

"Uliipenda, Baba," alisema Mosi. "Lakini maji haya ni ya watu na mitende. Gari inataka kulanti, dawa ya rejeta, ichanganywe na maji yasiyo na chumvi, kama yale ya betri. Vinginevyo hata pampu hii nzuri itakufa."

Ijumaa jioni walifanya kazi, mzee na spana zake, Mosi akimsimamia. Waliisafisha rejeta mpaka maji yakatoka meupe kwa chokaa, kisha yakatoka safi. Walifunga pampu mpya, kisha mkanda wa feni, usilegee, usikaze mno ukaua beringi. Wakatia kulanti ya kijani. Na Mosi akamwapisha mzee: rejeta haifunguliwi ikiwa moto, hata kwa dakika moja.

Kisha wakaenda Jalan. Bwana Obaid kwenye usukani, Bi Saliha dirishani, Mosi katikati. Badar alifuata nyuma kwa gari yake, na kamba ameiweka kiti cha mbele. Bi Saliha alikuwa akigeuka kumtazama, anacheka. Mshale wa joto ulipanda mpaka katikati, ukakaa hapo. Ulikaa hapo hadi mlangoni kwa Mahbouba.

Mahbouba aliisikia injini kabla hajawaona. "Huyo Somo!" aliita kutoka kitandani. "Na mimi nilidhani mumeshamuuza, na dada yangu simwoni tena!" Bi Saliha akaingia, wakashikana mikono wakalia, wote wawili, bila kuona haya.

Nje, Badar aliinua boneti ya Somo. Hakuna tone, hakuna mvuke. Akafunga polepole.

"Badar, kamba yako bado unaitaka?" aliuliza mama yake kutoka dirishani.

Badar alicheka. Akamkabidhi Mosi ile kamba, naye akaifunga uani, kutoka ukuta hadi ukuta. Mpaka leo Bi Mahbouba anaanikiwa nguo zake kwenye kamba hiyo. Na kila asubuhi, pale Ibra, mtende hupata makopo mawili.