Ra ya Risasi

"Sulait, tiketi uliyonitumia iko na jina ya mtu mwingine."

Kulusumu alisimama mlangoni mwa duka lake la vitenge pale Bugembe, simu sikioni, pasipoti mkononi. Ndege ilikuwa kesho, kwenda Delhi, alikolazwa Sulait, mchumba wake, mwanajeshi aliyepoteza mguu Mogadishu.

"Mtu gani?"

"Pasipoti inasema Kulusumu. Tiketi inasema Kurusumu. Watanirudisha pale Entebbe."

"Herufi moja tu?"

"Moja inatosha."

Sulait akasema taratibu:

"Kama hutaki bwana wa mguu moja, sema. Usisingizie herufi."

Akakata simu.

Iliuma, tena iliuma sana, lakini hasira ikamwahi kabla ya machozi. Akaandika ujumbe: "Nilikungoja utoke vitani. Nikakungoja upone. Leo nikimbie herufi ra? Pokea simu."

Akampigia Margret, wakala wa tiketi kule Mbale.

"Mimi niliandika vile afande alitamka," Margret akajitetea. "Kubadilisha naweza, lakini yeye ndiye alinunua, athibitishe mwenyewe. Na mimi nafunga saa hii."

Kulusumu akampigia Sulait, naye akapokea, wakawa watatu kwenye simu moja.

"Afande, ni la ama ra?"

"Ra."

"Ra ya risasi?"

"Ndiyo. Ya lisasi."

Margret akakohoa kuficha kicheko. Kulusumu hakuficha, alicheka mpaka wateja wakageuka. Tangu siku ya kwanza kijana huyu wa Namatala, kule kule Mbale, alimwita Kurusumu, naye hakumsahihisha hata mara moja, maana alilipenda jina lake lilivyotoka kinywani mwake.

"Mpenzi, ni ile herufi unaanzia lisasi. La."

Sulait naye akacheka.

"Kumbe kweli unakuja."

"Nakuja. Margret, andika."

Tiketi mpya ikaingia: Kulusumu Nangobi, sawasawa na pasipoti.

Uwanjani Delhi, mwanaume mmoja alikuwa ameegemea ukuta, amevaa mguu wa bandia, hana magongo, jasho linamtoka. Alipomwona akauachia ukuta. Hatua ya kwanza ikayumba, ya pili ikakaa.

"Kurusumu."

Kulusumu akatupa begi, akamkimbilia.

"Nisamehe," Sulait akasema shingoni mwake. "Sasa siku ya ndoa shehe akiniuliza herufi ya jina yako?"

"Mjibu la."

"La."

"Hapo tu. Akikuuliza kama umekubali kunioa, thubutu umjibu hivyo."