Mstari wa Mama Lamwaka Uliobaki Wazi

Nyumba ya Mama Lamwaka haikuwepo kwenye ramani!

Nimesimama Bukoto, kwenye ofisi yetu ya kuchora ramani, chai mkononi, naangalia mtaa wote wa Kyebando ukutani. Viwanja vya majirani vipo. Chake... peupe.

Jamani, huyu mjane wa askari ndiye aliyenipokea nilipotoka Bungoma na begi moja. Mpaka leo naishi kwake. Na mtaro mpya wa maji ya mvua utapita hapo hapo kwake. Aliye kwenye ramani anapewa kiwanja kingine, asiyekuwepo anavunjiwa kama mvamizi. Orodha ya watakaopewa viwanja inasainiwa Ijumaa.

Niliweka chai mezani, nikaanza kumtafuta mwenye kosa.

Mchoro wa ramani ile ulipitia mikono ya watu wawili. Mwenzangu Obita aliuchora kwenye kompyuta, mimi nikausafisha, yaani kurekebisha mistari, ili ugeuzwe ramani. Na Obita aliwahi kupanga kwa Mama, wakagombana, akahama na hasira zake. Basi nikajua ni yeye!

Nikamwambia bosi kwamba Obita amekifuta kiwanja cha Mama. Akafukuzwa siku hiyo hiyo. Akiwa anafunga begi lake alinitazama, wala hakufoka.

"Nabalayo, umeufungua mchoro?"

Niliufungua baada ya siku mbili, Alhamisi.

Mstari wa mpaka wa kiwanja cha Mama ulikuwepo wote, ila upande wa chini una pengo la mita moja. Pale hakuna ua. Mama aliacha njia ili majirani wapite kwenda kisimani, na Obita alichora alichokiona. Kumbe mstari usiofungwa, kompyuta haiuhesabu kuwa kiwanja. Inauruka.

Na kazi ya kufunga mistari ni ya nani? Yangu! Kompyuta iliniandikia kabisa kwamba mmoja haujafungwa. Nikabonyeza endelea, nilikuwa na njaa.

Njia hiyo ya kisimani napita mimi kila asubuhi na ndoo yangu.

Niliufunga mstari, nikaenda kukiri kwa bosi. Mama amerudi kwenye ramani, Obita amerudi kazini, mimi nimeachishwa. Nimempigia Obita mara nne kumwomba msamaha. Hapokei, na namwelewa.

Mama nilimweleza yote. Hakunigombeza. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Sasa mwanangu, ukiufunga, watu watapita wapi?"

Nilimweleza kwamba nimeufunga kwenye kompyuta tu, nikachukua ndoo yangu nikapita pale pale.

Wewe unayesoma, kabla hujamtaja mtu kwa bosi, fungua mchoro kwanza. Mimi nilichelewa siku mbili.