Viatu vya Rangi Moja

Jamani, nyinyi mnaopenda kupanda milima mbio, na nyinyi mnaoishi nao nyumba moja, hebu tegeni sikio.

Jumamosi jioni nyumba ya kinyozi ilikuwa imetulia. Mkewe, mwoka mikate, alikaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, maana tangu alfajiri alikuwa wima mbele ya tanuri. Watoto walikuwa kwa bibi yao. Mara mlango ukasukumwa kwa goti, kinyozi akaingia na maboksi mawili ya viatu, na fulana mbili za rangi moja begani. Mtaani walimwita Pozi, naye hakulikataa jina.

"Sare, mke wangu! Kesho mlimani watatukoma!"

Viatu vyake vilikuwa vya mlimani hasa, soli ina meno ya kung'ata tope. Vya mkewe vilikuwa na rangi ileile ya chungwa, basi. Mkewe alijifuta maji, akavijaribu, akavigeuza.

"Baba watoto, soli hii mbona laini kama kitako cha sufuria?"

"Vya mlimani rangi hii havikuwepo vya saizi yako. Hivyo ni vya lami. Kwani nani atakuchungulia nyayo?"

"Na vidole vinagusa mbele."

"Vitaachia. Kiatu kipya ndivyo kilivyo."

Mkewe alikuwa na viatu vyake vya zamani, vya kijivu, vibaya vya sura lakini vinashika. Alitaka kuvitaja. Akautazama uso wa mumewe unavyong'aa kama wa mtoto, akameza maneno. Hapo, jamani, ndipo alipoteleza, kabla hata ya kuuona mlima.

Kesho yake, chini ya mlima, walimkuta wifi mtu, dada yake Pozi, na kibegi mgongoni.

"Kaka, mnakwenda mbio au harusini? Makoti ya mvua yako wapi?"

"Yamebaki garini. Meusi yale, yanafunika sare."

"Na filimbi?"

"Kwani mimi refa?"

Watu wakacheka. Mwoka mikate naye akacheka, ila vidole vyake havikucheka.

Kupanda alipanda. Kileleni wingu likashuka, manyunyu yakaanza, njia ikawa kama imepakwa sabuni. Kuteremka ndiko kulikomwonyesha: kila hatua vidole vinagonga mbele ya kiatu, kila jiwe mguu unataka kwenda kwake. Pozi alikuwa mbele, meno ya viatu vyake yanashika vizuri tu.

"Kaza, mama! Mpiga picha yuko pale chini!"

"Nisubiri!"

"Nakusubiri kwenye picha!"

Sauti yake ikapotea kwenye kona. Mkewe akaongeza mwendo. Akakanyaga jiwe bapa lenye maji, soli ikakataa kushika, mwili ukaenda upande na mguu ukabaki kwenye ufa. Alisikia kitu kama mkate mkavu unapovunjwa. Akabingirika hadi vichakani, chini ya njia.

Juu yake watu walipita wakikimbia. Alipiga kelele, mvua ikazimeza. Fulana ya sare ilimganda mwilini, akatetemeka mpaka meno yakagongana. Kisha kutetemeka kukapungua, usingizi mtamu ukaanza kumnyemelea, na huo ulimtisha kuliko mguu. Watoto wangu, aliwaza. Watoto wangu.

Wifi yake hakuwa mwepesi. Aliteremka taratibu nyuma ya wote, akaona tope limeburuzwa pembeni, akachungulia.

"Wifi! Wifi yangu, usilale! Nitukane, lakini usilale!"

Akavua koti lake, akamfunika, akapuliza filimbi mpaka waokoaji wakaja na machela.

Pozi wakati huo alikuwa ameshapigwa picha. Anacheka, mkono kaunyoosha pembeni kushika mkono wa mkewe, na pembeni hakuna mtu. Picha ile ilizunguka mtaa mzima kabla majeruhi hajafika hospitali.

"Nisamehe," Pozi alisema kando ya kitanda.

"Ulinichagulia viatu vya kutazamwa," mkewe akajibu. "Na mimi nilikuwa na vyangu, nikanyamaza."

Mfupa uliunganishwa kwa chuma. Mikate anaoka bado, lakini unga anaukandia kwenye kigoda, na ngazi za mlangoni kwake anashuka kashika ukuta. Mlima basi tena. Alfajiri Pozi humbebea magunia ya unga kabla ya kufungua kibanda chake cha kunyolea, na hakuna anayethubutu kumwita Pozi mbele ya mkewe.

Funzo

Vifaa vya mlimani vichaguliwe kwa ajili ya mlima na mguu wa anayevivaa. Jaribu kiatu jioni, mguu ukiwa umevimba kwa kazi. Acha mbele nafasi ya upana wa dole gumba la mkono, kagua soli, kizoee kabla ya siku ya mbio. Koti na filimbi beba hata mbingu ikiwa nyeupe. Unayemnunulia mwenzako, nenda naye dukani. Na wewe unayebanwa, sema unabanwa, hata aliyekununulia akinuna. Atanuna jioni moja tu.